Kiota cha Bi Mkubwa Kwenye Pikapu ya Clébert

Wifi yangu Zélima hainui kitu chochote duniani bila kwanza kukitia alama upande wa juu. Ni ugonjwa wa kazi. Kila mwanzo wa Julai huingia kinamasini na mtumbwi wake wa bati kukusanya mayai ya mamba kwa ajili ya wafugaji, na yai la mamba ukiligeuza tu, mtoto aliyemo hufa. Kwa hiyo mkusanyaji hufukua tuta la kiota, huchora mstari wa penseli juu ya kila yai, kisha hulipanga sandukuni vilevile lilivyolala. Zélima amefanya hivyo tangu ujana, na mkono wake haujui tena kutofautisha. Viazi vitamu vyake vina mistari. Chupa za jamu ya tini zina mistari. Kaka yangu Ulysse, aliyekuwa mume wake, alipofariki, wabeba jeneza walikuta mstari wa penseli kwenye kifuniko, na padri akauliza ni mtoto gani mtundu aliyefanya hivyo.

"Ni mimi, Padri," Zélima akajibu. "Sitaki wamgeuze."

Nililia palepale na nikacheka palepale, na watu wa kijiji chetu cha Pointe-aux-Joncs bado wananisema.

Zélima alizaliwa kwenye nyumba ya kuelea, shule aliiacha mapema kwa sababu mwalimu alimkataza kuja na kasa, na Ulysse alimpata siku alipomvuta kutoka kwenye tope kwa kola ya shati. Yaani Zélima ndiye aliyemvuta Ulysse. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto, na hajui kukaa. Ukimtembelea utakunywa kahawa yako peke yako huku yeye akikuzungumzia kutoka bandani.

Nyuma ya nyumba yake kuna dimbwi, na dimbwi lina mwenyewe. Zélima humwita Bi Mkubwa. Ni mamba jike mwenye pua pana, mrefu kuliko meza ya chakula ya ukoo wetu, na dimbwi hilo hakulikuta bali alilichimba. Alilichimba kwa mkia na kwa mdomo, akitoa tope na mizizi kila mwaka, mpaka likawa na kina. Juu ya dimbwi kuna miti, na juu ya miti yangeyange hutaga kwa kelele zao zote, maana rakuni, yule mnyama mdogo mwizi wa mayai, hathubutu kuogelea kupita mdomo ule. Kifaranga kikidondoka, Bi Mkubwa hukila. Zélima huiita hiyo kodi ya nyumba. Bi Mkubwa hula pia wale panya-maji wakubwa wenye meno ya rangi ya chungwa, ambao wakiachwa hutafuna mizizi ya kinamasi mpaka nchi yenyewe inayeyuka na kwenda baharini.

Zélima hakumlisha hata siku moja. Mamba anayelishwa na binadamu huanza kudhani binadamu ndiye sahani. Walikuwa wakitazamana tu, huyu na jembe lake na yule na macho yake mawili juu ya maji, na kila mmoja akiendelea na shughuli zake.

Basi, baada ya miaka kadhaa ya ujane, akatokea Clébert Manuel.

Clébert ni mtu wa nyanda za mpunga. Kwa gari ni safari ya asubuhi moja, lakini kwetu sisi huko ni ng'ambo. Alikuwa mgane, mashamba amemwachia mpwa wake kwa sababu ya mgongo, na alikuwa na adabu za kuchosha. Anavua kofia kwa wanawake, kwa mapadri, na nimemwona kwa macho yangu akiivua kwa ng'ombe. Walikutana kwenye chakula cha mazishi ya binamu yetu, wote wawili wakinyoosha mkono kwenye kijiko cha mwisho cha saladi ya viazi. Alimwachia. Zélima akagawanya nusu kwa nusu, na mimi nikajua mambo yameharibika.

Siku ya kwanza alipokuja kwake, Bi Mkubwa alikuwa anaota jua kando ya ngazi za nyuma. Clébert akavua kofia, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye pikapu, akaingia, akafunga vioo.

"Zélima!" aliita kupitia upenyo. "Kuna kitu kwenye uwanja wako!"

"Huyo si kitu, ni Bi Mkubwa! Shuka, kahawa inapoa!"

"Atatoka lini?"

"Yeye? Amenitangulia hapa! Wewe ndiye mgeni!"

Alikunywa kahawa ile garini. Zélima alimpitishia kikombe dirishani, na hivyo ndivyo walivyochumbiana majira yote ya kuchipua. Sikumpenda. Nasema wazi, sikumpenda kwa sababu hakuwa Ulysse, na kwa sababu alipopata ujasiri wa kuingia ndani alikalia kiti cha Ulysse na kukifurahia.

Alimwomba wahamie kwenye nyanda, kwenye nyumba yake ya matofali yenye mashine ya hewa baridi. Zélima akakataa. Akamwomba basi amwite mwindaji aje kumchukua mamba. Akakataa zaidi. Mwisho wakakubaliana kuoana kwanza na kugombana baadaye, jambo ambalo watu wengi hufanya bila kulisema.

Walifunga ndoa Jumamosi ya mwisho ya Mei. Kwetu mjane akiolewa tena haachwi hivihivi. Watu hukusanyika nje ya nyumba na masufuria, kengele na vifuniko, wakipiga kelele mpaka maharusi wafungue mlango, wawakaribishe wote ndani na kuwalisha. Tunaiita sharivari, na mwenye kuikosa huonekana hana jamaa. Tulikuja jua bado lipo. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na magari yetu yakauchimba uwanja ukawa uji mtupu. Mimi nilikuwa na sufuria na mwiko. Binamu yetu Ophé alikuja na tarumbeta la bendi ya shule, lile kubwa la shaba linalozungushwa mwilini kama chatu.

Mtu yeyote mwenye akili anajua kwamba Mei ndio msimu wa mapenzi ya mamba, na kwamba dume akisikia mngurumo mzito hudhani ni dume mwenzake anajitapa. Ophé ana sifa nyingine.

Alipuliza noti moja ndefu, ya chini kabisa. Dimbwi likajibu. Maji ya mgongoni mwa Bi Mkubwa yakaruka kama mafuta kwenye kikaango, naye akanguruma mpaka sufuria ikatetemeka mkononi mwangu. Kisha madume ya kinamasi kizima yakapokea, moja huku, moja kule, mpaka ng'ambo ya mfereji. Tulicheka. Tulicheka mpaka tulipoona nyasi zinafunguka na dume la kwanza likipanda uwanjani, limeinua kichwa, linamtafuta mpinzani wake.

Watu wazima waliruka juu ya magari. Shangazi yangu mwenye magoti mabovu alikuwa juu ya paa la banda la kuku kabla sijamwona akipanda. Ophé alikuwa karibu naye, tarumbeta limemkwama mabegani, bado anapuliza.

"Nyamaza, Ophé!" shangazi alimfokea.

"Nikinyamaza watanijia!"

"Wanakuja kwa sababu hunyamazi, bwege wee!"

Wakati huohuo, ndani, Clébert alikuwa amengoja muda wa heshima. Akafungua mlango, akatoa tabasamu lake la arusi, akavua kofia. "Karibuni nyote ndani!" alisema. Kwenye ngazi palikuwa na dume moja, domo wazi. Clébert akarudisha kofia kichwani na kufunga mlango polepole, kana kwamba hataki kumvunjia mgeni heshima.

Tulishuka giza lilipoanza kuingia, madume yalipochoka kutukanana. Ndani, Zélima alikuwa amekaa sakafuni, anacheka hadi machozi. Clébert hakucheka.

"Mimi au hao," alisema.

"Clébert, mpenzi, hawa ni majirani."

"Ardhi ikikauka naondoka. Nyumba yangu unaijua. Ukimwondoa huyu wa dimbwini, nitarudi."

Zélima aliacha kucheka. Nilimfuata jikoni, akasimama mbele ya sufuria ya gumbo, mchuzi wetu mzito wa bamia na kamba, ambayo hakuna aliyeigusa, anakoroga mchuzi usiohitaji kukorogwa.

"Mwondoe basi," nilimwambia, ingawa sikutaka. "Ni mamba tu, wifi."

"Nikimwondoa dimbwi litajaa tope miaka miwili tu. Ndege wataondoka. Samaki wataenda wapi kiangazi?" Akakoroga. "Lakini nimechoka kula peke yangu, Oza. Nimechoka vibaya."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akikiri kuchoka na kitu.

Sasa sikilizeni alichofanya mtu wa nyanda. Pikapu yake ilikuwa imezama matopeni kando ya dimbwi. Kama zawadi ya arusi alikuwa amemletea Zélima mzigo wa mabua ya mpunga, ya kufunikia bustani. Kwao, gari likizama unatandika mabua kuzunguka magurudumu na kungoja yanyonye maji. Akayashusha yote, akayalundika vizuri kila upande, akaingia ndani kungoja. Mvua ikaendelea. Kila mtoto wa huku anajua kwamba mabua yaliyolowa hayaachwi kando ya maji mwezi wa Juni. Ni kumtandikia mtu kitanda. Zélima alijua pia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikaa kimya, akisema baadaye kwamba hakutaka kuingilia mambo ya gari la mwanamume.

Asubuhi moja tulisikia Clébert akipiga kelele barazani.

"Zélima! Bibi yako amejenga kwenye gari langu!"

Bi Mkubwa alikuwa ameyakokota mabua yote upande mmoja, akachanganya na tope na majani ya kinamasi, akashindilia tuta lililofika kwenye kitasa cha mlango wa dereva. Mayai yalikuwa tayari ndani. Yeye mwenyewe alikuwa amelala mbele ya gari, na Clébert aliposhuka ngazi moja, mamba akatoa mlio wa mvuke. Clébert akaipanda ngazi ile tena.

Nilimpa ushauri mzuri. "Shemeji, Ophé atakupeleka kwenye basi kesho."

"Mtu wa mpunga haachi pikapu yake," alisema, kama aliyetukanwa.

Zélima akaleta kahawa. "Kazi yangu ni mayai," alimwambia. "Lakini mkusanyaji hagusi kiota bila ruhusa ya mwenyewe. Ardhi ni yangu, ila mabua ni yako na gari ni lako. Nipe ruhusa, asubuhi hii hii nayatoa. Mama mtu hatakuwa na cha kulinda, ataondoka. Nawe utaondoka."

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Alimjazia kikombe mpaka kahawa ikamwagika sahanini.

Clébert alitazama tuta. Akatazama kahawa. "Leo ni Jumatano," alisema. "Mambo makubwa siyafanyi Jumatano."

Kesho yake aliulizwa tena, akasema mvua. Keshokutwa, goti. Ikaja sikukuu ya mtakatifu ambaye hata padri hakumfahamu. Zélima alikuwa akirudi kutoka kinamasini amechafuka hadi nywele, masanduku ya mayai ya watu wengine yamejaa mtumbwini, na kabla ya kunawa anauliza, "Je, niyatoe?" Naye anasema, "Kesho, kesho, bado machanga." Mpaka msimu wa kukusanya ukapita, na swali likakosa maana.

Kiti cha Ulysse kilihamia dirishani. Clébert alisema analinda gari. Tulimwacha aseme. Rakuni alipokuja kunusa kiota alasiri moja, Clébert alimtupia kiatu akipiga mayowe, na Bi Mkubwa alipotoka majini kumshughulikia rakuni, alikuta pia kiatu. Alikitafuna. Clébert alisema ni sawa, walikuwa wanafanya kazi moja.

Kisha akasikia kwa Zélima kwamba joto la tuta ndilo linaloamua jinsia, kwamba likipanda mayai hutoa madume, na likipoa kidogo hutoa majike. Julai ikawa tanuri. Clébert hakulala.

"Madume matupu!" alinilalamikia, mimi niliyekuja kuazima sukari. "Wataoa nani? Watakuwa wakingurumiana tu, na Ophé yule bado yuko hai!"

"Shemeji, hao ni mamba."

"Najua ni mamba, Oza. Shika hapa."

Alikuwa amefunga mwavuli mweusi wa mazishi kwenye mwanzi mrefu, na akautoa kupitia dirisha la jikoni kulitia tuta kivuli. Alikaa hivyo saa za mchana, jasho linamchuruzika, anakitia kivuli kiota cha mzazi mwenye meno yale yote. Watu walianza kupita kwa mitumbwi kuangalia. Shangazi yangu mwenye magoti mabovu alisema hajaona ujinga kama huo, na akaja tena kesho yake na keki.

Agosti mvua ikakatika kabisa. Kinamasi kilipasuka, mifereji ikawa tope na harufu, na kila kilichokuwa na mapezi au miguu kilielekea kwenye dimbwi la Bi Mkubwa, kwa sababu hapo ndipo maji yalipobaki. Samaki walibanana, kasa wakapandana, ndege wakajaa ukingoni. Bi Mkubwa alikula kidogo na kuwaacha wengi, na mvua zikirudi hao ndio wangekijaza kinamasi upya. Clébert, aliyetumia maisha yake kupeleka maji kwenye mpunga, alitoka barazani kutazama.

"Mimi nilinunua pampu," alisema. "Nikachimba mifereji, nikagombana na majirani wote kuhusu maji. Huyu amefanya kwa mkia." Nikaona amevua kofia, na safari hii si kwa woga.

Mwishoni mwa mwezi ule kiota kilianza kuongea. Ilikuwa asubuhi, na sauti ilitoka ndani ya mabua, kwikwi ndogondogo nyingi. Bi Mkubwa akapanda tuta, akalifukua kwa makucha. Clébert alikuwa dirishani na nguo za kulalia.

"Anawala! Zélima, anawala!"

"Hawali. Tulia. Anawabeba."

Mdomo ule unaovunja gamba la kasa ulikuwa unachukua yai, unalibana kwa ulimi, unalipasua, na kumshusha mtoto majini bila mkwaruzo. Alikwenda na kurudi mpaka tuta likabaki tupu, na watoto wenye mistari ya manjano wakawa wanaelea kando ya kichwa chake. Clébert alikuwa ameshika mkono wa Zélima. Kisha Bi Mkubwa akahamia nao upande wa pili wa dimbwi, na pikapu ikabaki peke yake, njia nyeupe.

Zélima akautoa mkono wake. Aliingia jikoni, akaligeuzia dirisha mgongo, akaanza kumenya kamba wa mchuzi.

"Ardhi imekauka," alisema.

Tangu arusi Clébert hakuwahi kutundika hata shati moja kabatini, alikuwa anaishi kutoka kwenye mkoba uliokaa mguuni mwa kitanda. Akauchukua. Akafagia mabua mlangoni mwa gari. Injini ikakohoa mara nyingi, ikakubali, na tukasikia matairi yakisaga kombe za chaza zilizomwagwa barabarani mpaka sauti ikaisha.

Nilikuwa na hasira ambayo sikuitarajia. Nilitaka kukimbia nyuma yake na sufuria. Majira yote ya joto nilikuwa nangoja aondoke, na sasa ameondoka naona nyumba imetobolewa.

"Nitamwita Ophé amfuate," nilisema.

"Mwache, Oza."

Alimenya kamba wote. Alipika gumbo ya kulisha arusi, akatenga sahani mbili, akairudisha moja kabatini, akaitoa tena. Hakwenda bandani, hakunizungumzia kwa mbali. Alikaa. Sijawahi kumwona Zélima akikaa kwa muda mrefu hivyo, na iliniogopesha.

Jua lilipokuwa linashuka, kombe zikasagika tena. Pikapu iliingia polepole mno. Nyuma ilikuwa imebeba kitanda kizima cha mbao nzito, godoro limefungwa kamba, kabati la nguo limelazwa ubavu, picha ya marehemu mke wake imefungwa kwenye blanketi, na kuku watano waliokasirika ndani ya tenga. Clébert alishuka, akatazama kwanza dimbwi lilipo, kisha akavua kofia.

Zélima alikuwa mlangoni. "Umesahau nini?" aliuliza, na sauti yake ya kuitia mtu ng'ambo haikufika hata kwenye gari.

"Nimesahau kuhamia," alisema Clébert.

Zélima akakaa kwenye ngazi na kulia, wazi kabisa, kwa kelele, yule ambaye kwenye mazishi alijibu swali la padri kwa macho makavu. Clébert hakujua aweke wapi mikono. Akaanza kufungua kamba za kitanda, kwa sababu hilo analijua, lakini mgongo wake ni mbovu na mtu mmoja hawezi kukibeba.

Nikashuka ngazi, nikapita kando ya wifi yangu, nikashika upande wa pili. Tukakiingiza kwenye chumba cha kaka yangu, taratibu, na hatukukigonga mlangoni.